Ndoa ya Mtende na Kuba

Asubuhi ile Naziha aliamka amenuna, na akinuna hafichi. Alimwaga mafuta ya zeituni juu ya mkate wa shayiri mpaka sahani ikafurika, akavuta viatu vyake vya maji kwa nguvu utadhani vimemkosea, na baba yake alipomwambia kahawa inachemka akajibu, "Nimesikia," wala hakuinuka. Kahawa ikamwagika jikoni. Ikafutwa na nani? Na yeye mwenyewe, na hilo likamzidishia hasira.

Kisa chenyewe kilikuwa cha haki. Kuanzia Januari, ofisi ya utalii ilitaka kila matembezi ya baharini hapa visiwani Kerkenna yawe na kiongozi mmoja mwenye kibali, jina lake limeandikwa na kupigwa mhuri. Jina moja tu. Naziha alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miaka sita alikuwa akitembea na wageni wa baba yake, Mzee Jilani mbele, yeye nyuma. Ndege anawajua yeye. Habari za mababu anazisimulia yeye. Simu anapokea yeye. Mzee kazi yake ilikuwa kutangulia na kushika fimbo. Siku hiyo mtu wa ofisi alikuwa anakuja kutembea nao mwenyewe, na usiku uliotangulia Naziha alikuwa amemwomba baba yake jambo dogo: amwache atangulie, mara moja tu, mtu wa ofisi amwone.

"Mbele ni pangu," Mzee Jilani alisema.

"Baba, una miaka sabini na moja."

"Na miguu miwili. Jina ni langu. Nikishazikwa, andika lako."

Basi. Mtu mzima anaambiwa asubiri maiti ya baba yake ndipo apate kazi ambayo anaifanya kila wiki. Nani asingenuna?

Wageni walishuka kwenye kivuko kutoka Sfaksi saa mbili asubuhi, kumi na mmoja. Mtu wa ofisi aliitwa Mhandisi Lutfi, kijana mwembamba mwenye darubini mpya shingoni, mpole, lakini kila kitu anakiandika. Na alikuwamo Bi Munjia, mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa anakuja kwa mara ya tatu.

"Ami Jilani," Bi Munjia alisema akikunja suruali, "mwaka huu nimeongezeka kilo tisa. Ukiniona nazama, usijisumbue kunivuta, tia alama tu hapo pawe kisiwa kipya."

"Wewe huzami, Bi Munjia. Bahari yenyewe inakuogopa," Mzee alijibu, na watu wakacheka. Naziha hakucheka.

Maji yalikuwa yamekupwa sana siku ile. Bahari yetu ni ya ajabu kidogo: ikipwa, unaweza kutembea nusu saa kutoka ufukweni na maji yasikufike magotini. Huko ndiko ziliko nyando zetu, nyua ndefu za makuti ya mtende zilizochomekwa mchangani, samaki akifuata ukuta anaishia chumbani na hatoki. Kila wando una mwenyewe. Mtu hapa hurithi kipande cha bahari kama wengine wanavyorithi shamba, kina mpaka na kina hati, na ndugu wanagombana juu yake mpaka mahakamani. Hayo yote Naziha aliwaeleza wageni vizuri, pamoja na mitungi ya udongo inayolazwa chini ili pweza aingie akidhani amepata nyumba ya bure. Hata akiwa amenuna, kazi yake aliifanya.

Sasa, kati ya nyando na nchi kavu kuna wadi. Ni mfereji mrefu chini ya maji, upana wake kama barabara, kina chake mara mbili ya mtu, na maji yakianza kujaa hukimbia humo kwa nguvu. Kwa juu huuoni, maji yote rangi moja. Unavuka mahali pamoja tu, penye kivuko cha mchanga mgumu, na mahali hapo unapajua kwa kutazama ufukweni. Kule juu upo mtende mmoja mrefu wa ukoo wa Sassi, na nyuma yake kuba nyeupe ya kaburi la walii. Ukiona mtende umesimama mbele ya kuba, umeifunika katikati, uko salama. Wazee wetu husema hapo mtende na kuba wameoana. Ukiona wametengana, hata kwa kiganja, wameachana, na wewe simama hapo hapo.

Hivyo kila matembezi, walipokaribia wadi, Mzee Jilani alisimama mbele akapaza sauti bila kugeuka, "Naziha! Hawa wameoana?" Na Naziha kutoka nyuma alijibu, "Wameoana, Baba!" Mwanzoni ilikuwa hivyo tu. Baadaye wageni wakaipenda, na Naziha akaanza kuitia chumvi. Wameoana, Baba, na mahari imelipwa. Wameoana, Baba, na bibi harusi ana wivu. Watu walikuja kutoka Tunis kwa ajili ya mzaha huo, walikuwa wameuona kwenye simu za wenzao. Naziha aliuchukulia kuwa ni mchezo wa mzee, kitu cha kufurahisha wageni na kumfanya yeye aonekane mwanafunzi.

Kwenda walivuka salama. Kurudi ndiko kulikoharibika.

Walikuwa wamemaliza kula pweza wa kukaushwa juu ya mawe ya wando wa pili, na ilikuwa wafuate ukuta wa makuti mpaka mwisho, ndipo wakate kuelekea nchi kavu, kama siku zote. Lakini Mhandisi Lutfi aliona heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu. Walikuwa kama mia mbili, wametua upande wa kusini, na akaomba wazunguke kidogo awatazame. Mzee akasema haya, dakika kumi. Wakazunguka. Kwa hiyo walipoelekea nyumbani, hawakutokea kwenye ile kona waliyoizoea, walitokea mahali pengine, na maji yalikuwa yameshaanza kujaa polepole.

Naziha alikuwa nyuma kabisa na akina mama wawili, wamegeukia baharini, anawaonyesha ndege mmoja, domokijiko, aliyekuwa anafyeka maji kwa mdomo wake bapa. Alikuwa anaeleza vizuri na moyoni alikuwa anasema, andika na hili, Mhandisi. Ndipo sauti ikaja kutoka mbele.

"Naziha! Hawa wameoana?"

Hakugeuka. Kwa nini ageuke? Mtu aliye mbele ana macho yake. "Wameoana, Baba," alipiga kelele, mgongo kwa nchi kavu, "na mjukuu yuko njiani!"

Watu wakacheka. Bi Munjia, aliyekuwa wa pili baada ya mzee, alicheka kuliko wote. Kisha kicheko chake kikakatika, na Naziha alipogeuka, mbele hapakuwa na mtu. Kofia ya mzee ilikuwa inaelea juu ya maji.

Akatazama ufukweni. Mtende ulikuwa huku, kuba kule, na kati yao pangeweza kupita lori.

Alikimbia ndani ya maji, na anayejua kukimbia ndani ya maji anajua kuwa hukimbii, unahangaika tu. Alipofika ukingoni, baba yake alikuwa ameshaibuka na alikuwa amemshika Bi Munjia kwa ukosi wa koti. Mzee Jilani anaogelea tangu kabla ya kujua kusema, kwa hilo Naziha hakuwa na wasiwasi. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa anaogelea kwenda kusiko. Anamvuta mama wa watu kufuata mfereji kuelekea bahari kuu, tena kwa bidii.

"Huku, Baba!"

Mzee akasimamisha mkono. Akageuza uso.

"Baba, huku! Niko hapa!"

Walikuwa hawajaachana hatua sita. Jua lilikuwa usoni mwa mzee, macho yako wazi, na yalimpita Naziha, yakaenda kushoto kwake, yakarudi, yakampita tena. Naziha alimtazama baba yake akimtafuta. Alisahau kuita. Alisimama mdomo wazi, maji kifuani, na kwa pumzi mbili au tatu hakufanya lolote, mpaka Bi Munjia alipotapika maji na kulia kwa sauti, na mzee akasema kwa utulivu kabisa, "Endelea kusema, mwanangu. Sema chochote."

"Hapa, hapa, hapa, hapa," Naziha akasema, na baba yake akaifuata sauti mpaka mkono wake ukagusa bega lake.

Wakamvuta Bi Munjia mpaka penye maji mafupi, Mhandisi Lutfi na wengine wawili wakisaidia. Alikuwa mzima, kiatu kimoja kimekwenda, anatetemeka na anasema maneno ambayo walimu hawasemi. Wengine walisimama wamekumbatiana. Mzee aliinama sikioni mwa Naziha akijifanya anakamua shati.

"Wasijue," alisema. "Nitoe hapa."

Hivyo ndivyo walivyorudi. Mzee mbele, fimbo mkononi, mgongo umenyooka, na Naziha ubavuni pake, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Maji yalikuwa yamepanda mapajani. Alitembea macho hayabanduki ufukweni na mdomo unanong'ona: kulia kidogo, Baba, bado wako mbalimbali, bado, wanakaribiana, sasa mtende amegusa ukingo wa kuba, sasa amefika nusu, nyooka. Aliyewaona kwa nyuma angedhani binti amejikunyata kwa baba yake kwa hofu, na kweli hofu ilikuwepo. Lakini kilichokuwa kinampasua kichwa kilikuwa kingine. Baba yake aliacha kushona nyavu akasema vidole vinauma. Aliuza pikipiki akasema petroli ni ghali. Kila jioni alimpa gazeti, "nisomee wewe, una sauti nzuri." Na Naziha alikuwa anasoma huku amefurahi kuwa ana sauti nzuri. Chini ya paa moja. Sahani moja. Hakuona kitu.

Walipofika nchi kavu, watu walianguka mchangani wakamshukuru Mungu. Dereva wa basi dogo alileta mablanketi. Mhandisi Lutfi hakuketi. Rangi ilikuwa imemtoka, ila daftari lilikuwa mkononi.

"Naomba nielezwe kilichotokea."

"Ni mimi," Naziha akasema haraka. "Niliulizwa kama alama zimekaa sawa, nikajibu bila kutazama. Kosa langu."

"Sawa. Lakini mimi nilikuwa wa nne," Mhandisi akasema, na hakusema kwa ubaya. "Mtende niliuona na kuba niliiona, sikujua tu maana yake. Ami Jilani alikuwa mbele yangu na anajua maana yake. Alimuuliza binti wa nini? Yeye si ana macho?"

Naziha alimtazama baba yake, na nusu ya moyo wake ilikuwa inamwombea aseme, nusu inamwombea asiseme.

Mzee Jilani akajipangusa uso. "Binti alikuwa anaongoza," alisema. "Aliniomba jana usiku nimpe nafasi leo, nikashindwa kumnyima. Bado mtoto, msameheni. Kosa ni langu kumpa."

Yale maneno yalimkata Naziha maini. Alikuwa ameomba usiku, kweli. Alikuwa amenyimwa, kweli. Miaka sita hajawahi kukiriwa mbele za watu kuwa ameongoza hata hatua kumi, na siku anayokiriwa ni siku ya kuzamisha watu. Mhandisi aliandika. Naziha aliiona kalamu ikiandika jina lake, herufi kwa herufi, na chini yake akapiga mstari.

Wageni wakaanza kupanda basi. Mzee alisogea kando, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na Naziha akamfuata.

"Tangu lini?"

"La kushoto, mama yako akiwa hai. La kulia, mwaka wa tatu sasa. Presha ya macho. Daktari wa Sfaksi anasema kilichokwenda hakirudi."

"Unaona nini?"

"Mwanga. Wewe nakuona kama kivuli, ukisimama mbele ya jua."

"Miaka mitatu," Naziha akasema. "Kila ukiniuliza, ulikuwa unaniuliza kweli."

"Ningekuuliza uongo wa nini? Wewe ndiye uliyefanya mzaha, na mimi nikaushukuru, maana ulinisitiri."

Naziha akaketi mchangani. Alijaribu kukumbuka. Katika matembezi yote hayo, ni mara ngapi aligeuka akatazama kabla ya kujibu? Mara chache za mwanzo. Baada ya hapo, hakujua. Kulikuwa na siku alijibu akiwa anatafuna. Siku nyingine alijibu huku anampiga picha bwana na bibi harusi kutoka Ujerumani. Na mbele yule mzee aliposikia "wameoana" aliweka mguu wake, na watu kumi, kumi na watano, wakaweka miguu yao nyuma yake. Kilichowavusha ni kwamba walikuwa wanatokea kona ile ile siku zote. Hakuna kingine.

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningekuambia ungenikalisha mkahawani, na wale wanaosubiri kufa." Mzee alikuwa anazungusha fimbo mikononi. "Sikiliza. Limepita. Jumamosi kuna shule inakuja, watoto thelathini. Wewe kaa nyuma kama kawaida, mimi nitakuuliza, ila safari hii utazame. Ukitazama hakuna neno. Si umeona leo tulivyorudi?"

Naziha alifikiri amesikia vibaya. Uso wa baba yake ulikuwa mtulivu, wa mtu aliyeshapanga mambo yake, nywele zake bado zinachuruzika maji. Thelathini, alisema. Alilisema kama mtu anayetaja idadi ya mikate. Naziha alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote aliye hai, na wakati huo alimwogopa.

Akainuka akaenda kwenye basi. Injini ilikuwa imeshawaka. Akagonga dirisha la Mhandisi Lutfi, na Mhandisi akalishusha.

"Futa ulichoandika," Naziha akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa, akijua kwenye mtumbwi inafika. "Sikuwa naongoza kwa kupewa. Baba yangu haoni. Ana miaka mitatu haoni. Anayewapeleka watu na kuwarudisha ni mimi, kwa maneno, na sikuwa najua. Na leo nilipoulizwa sikutazama. Na siku nyingi nyingine sikutazama. Yaandike yote."

Ndani ya basi Bi Munjia alitoa mkono kwenye blanketi akaushika mdomo wake. "Aliyenishika ukosi," alisema polepole, "ni kipofu?"

"Ndiyo, Bi Munjia."

Mhandisi Lutfi alifunga daftari bila kuandika. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. "Dada Naziha," akasema mwishowe, "nikiyapeleka haya, hakuna kibali. Si chake tu. Na chako. Hakuna atakayekupa watu baada ya haya."

"Najua."

"Una hakika niyapeleke?"

"Jumamosi kuna watoto thelathini," Naziha akasema.

Basi likaondoka. Alibaki barabarani mpaka vumbi lilipotulia, kisha akarudi. Mzee Jilani alikuwa ameshasimama, fimbo kwapani, uso ameuelekeza nyumbani. Alikuwa amesikia kila neno.

"Umeniua mchana," alisema.

Naziha alinyoosha mkono amshike, mzee akauondoa mkono wake. Akaanza kutembea peke yake kwenye njia ya kijijini, njia aliyoikanyaga miaka sabini, kwa hatua zile zile pana za mtu asiye na shida, na Naziha akafuata nyuma, maji yakichuruzika kutoka nguo zao wote wawili. Wiki ile mafundi wa bomba la maji walikuwa wamechimba mtaro kukata njia, wakauacha wazi.

"Simama, Baba. Kuna mtaro. Pita kushoto."

Mzee akasimama, mguu mmoja mbele. Hakugeuka.

"Umetazama," akauliza, "au unasema tu?"

Naziha alitazama mtaro, akatazama ubao uliolazwa juu yake upande wa kushoto, akaukanyaga kwanza yeye kuona kama unashika.

"Nimetazama," akasema.

Mzee Jilani akageukia kushoto.